Gari Lililomfungia Mama Mkwe

Gari langu la kwanza nililinunua kwa mtaalamu wa kilimo, mgeni aliyekuwa akirudi kwao baada ya miaka kadhaa ya kuzungukia mashamba ya mpunga. Lilikuwa gari dogo jeupe la milango minne, na injini yake ilikuwa nzima kabisa. Ubovu ulikuwa kwenye kila kitu kisichokuwa chuma. Bampa zote mbili, mikanda ya plastiki ya ubavuni na vifuniko vya vioo vya pembeni, vitu vilivyotoka kiwandani vikiwa vyeusi, vilikuwa vimepauka kama magoti ya mtoto aliyeoga akakosa mafuta. Raba za milango zilikuwa zimekakamaa na kupasuka, nyingine zikining'inia. Kiangazi vumbi la barabara ya Idete liliingia ndani na kukaa kwenye viti kana kwamba limelipa nauli. Masika maji yalipita palepale.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kemia katika sekondari moja pale Ifakara. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na sikuwa nimekutana bado na jambo nisiloweza kulieleza ubaoni. Wenye magari wengine mjini walipeleka magari yao gereji. Mimi niliwaonea huruma.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake aliagiza kwamba anakuja kutoka Mahenge kumsaidia, na kwamba angevuka mto kwa kivuko Jumamosi. Mama mkwe huyo nilikuwa nimemwona mara mbili tu, siku ya kujitambulisha na siku ya harusi, na mara zote mbili niliona zaidi viatu vyake. Nyumbani kwetu, kwenye kambi ya wakata miwa nilikokulia, baba alinifundisha kwamba mama mkwe hapewi mkono, hatazamwi usoni, wala huketi naye mkaongea kama mnavyoongea na watu wengine. Kwa hiyo sikuwa na njia ya kumwonyesha kwa maneno kwamba binti yake aliolewa na mtu wa maana. Nilibaki na gari.

Nilikuwa na siku sita.

Siku ya kwanza nilifikiri hivi: ngozi ikipauka hupakwa mafuta, na plastiki nayo asili yake ni mafuta. Nikachukua chupa ya mafuta ya nazi ya mke wangu nikapaka gari zima kila palipopauka. Weusi ulirudi papo hapo. Nilimwita mke wangu atoke na mtoto waje waone.

"Limependeza," alisema. "Na mimi nitapaka nini?"

Kesho yake nilikwenda Idete kuchukua mchele, nikarudi na bampa lenye manyoya. Vumbi lilikuwa limeshika kwenye mafuta, tabaka juu ya tabaka, jekundu, laini. Asubuhi iliyofuata nilikuta sisimizi wamepanga mstari kutoka kwenye ua hadi kwenye kioo cha pembeni. Niliwafuta, nikaosha yote kwa sabuni, na plastiki ikatoka imepauka kuliko mwanzo.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilihamia kwenye nadharia ya joto. Nilijiambia kwamba mafuta ya asili ya plastiki bado yamo ndani, yamejificha, na yakipashwa moto yatapanda juu. Jambo la kuudhi ni kwamba nadharia hiyo haikuwa ya kipuuzi kabisa. Nimekuja kusikia baadaye kwamba wapo mafundi wanaofanya hivyo kwa vifaa vyao. Mimi kifaa changu kilikuwa pasi ya mkaa.

Inchi tano za kwanza zilikwenda vizuri ajabu. Nilipitisha pasi kwa mbali kidogo bila kugusa, na weusi ukaja wenyewe, mzuri, bila mafuta. Nikafurahi. Nikageuka kumwita mke wangu aje aone, na mkono wenye pasi ukashuka. Niliposikia harufu nilikuwa nimechelewa. Bampa la mbele lilikuwa limelainika na kubonyea, na katikati yake palikuwa na alama ya pasi, na ncha yake na mgongo wake, utadhani mtu alikusudia kupiga chapa.

Mke wangu alitoka na mtoto begani. Hakutazama bampa kwanza, alitazama pasi, ambayo chini ilikuwa na utepe wa plastiki iliyoungua.

"Mwalimu," alisema, "hiyo ndiyo ya kunyooshea nguo za mtoto."

Siku ya Ijumaa, basi, nilinunua dawa nyeusi ya viatu, kopo kubwa, nikapiga brashi bampa, mikanda na vifuniko vya vioo mpaka vikang'aa kama viatu vya gwaride. Hata ile alama ya pasi ilionekana kama pambo. Jumamosi asubuhi zikabaki raba za milango. Nilikwenda kwa fundi viatu pale Kibaoni nikamwomba gundi yake ile ya njano. Akaniuliza ya nini. Nikamweleza. Akasema, "Mwalimu, hiyo gundi ikikutana na joto hurudi kuwa gundi." Nikamjibu kwamba gundi ikikauka imekauka, hayo ni mambo ya molekuli. Sioni aibu kwa kitu chochote nilichosema maishani kama ninavyoona kwa sentensi hiyo.

Nilibandika raba zilizoning'inia. Kisha, kwa kuwa zilikuwa na nyufa, nikazipaka gundi kwa juu pia ili kuziba nyufa. Milango mitatu. Gundi iliisha kabla ya kufika mlango wa dereva. Niliacha milango wazi saa nzima, nikagusa kwa kidole, nikaona pakavu, nikaenda kivukoni.

Mama mkwe aliteremka na kikapu, begi na kuku wawili. Nikainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alisema, akapita akaenda kuketi kiti cha nyuma, nami nikafunga mlango kwa heshima zote na kwa nguvu zote. Kuku na begi vikaingia kwenye buti. Jua lilikuwa kali. Njia nzima nilifikiri kwamba anashangaa jinsi vumbi lisivyoingia. Kweli halikuingia.

Nyumbani wanawake wa jirani walikuwa wamekusanyika kumpokea. Nilisimamisha gari mbele yao, wakaanza vigelegele. Nikashuka, nikazunguka, nikashika kitasa cha mlango wa nyuma, nikavuta. Kitasa kilikuja. Mlango haukuja. Nikavuta tena. Nikahamia mlango wa pili, kisha wa abiria wa mbele, nayo hivyo hivyo. Vigelegele vikapungua kidogo kidogo, vikabaki vya bibi mmoja asiyeona vizuri, naye akaambiwa anyamaze.

Fundi viatu alikuwa amesema kweli. Ndani ya lile jua gundi ilikuwa imerudi kuwa gundi, na raba zikashika bodi.

Vioo vya nyuma havikushuka, vilikufa zamani. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu: mama mkwe apite katikati ya viti vya mbele, avuke gia, atokee mlango wa dereva. Ni mwanamke mnene, na alikuwa amevaa kitenge kilichobana. Kumshika mkono nisingeweza. Kusimama pale nikitazama ilikuwa mbaya zaidi. Nilifanya kile ambacho mpaka leo mke wangu husimulia kwenye sherehe: nilikimbia. Nilikwenda nyuma ya choo nikasimama nimegeukia ukuta, na kutoka pale nikasikiliza.

Nilisikia wanawake wakisema lete khanga, shika huku, ziba huko. Nikasikia honi ya gari ikilia, ndefu, kwa sababu zilizo wazi. Nikasikia mtu akicheka kisha akajikohoza. Mwishoni nikasikia sauti ya mama mkwe, tulivu: "Nimefika."

Nilipojitokeza alikuwa amesimama mlangoni kwa dereva akitazama kiganja chake. Alikuwa amejishika kwenye ukanda wa plastiki, na kiganja chote kilikuwa cheusi, na kitenge chake kipya kilikuwa na mstari mweusi kuanzia kiunoni mpaka gotini. Alinusa kiganja.

"Dawa ya viatu," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. Akaomba maji anawe ndipo amshike mjukuu.

Siku mbili zilipita. Nilikula peke yangu na kutoka nyumbani kabla watu hawajaamka. Siku ya tatu niliporudi kutoka shuleni nilimkuta ameketi kwenye kigoda kando ya gari, mtoto mapajani, beseni la maji ya moto mbele yake. Hakunitazama. Alimwinamia mtoto.

"Mwambie baba yako alete wembe," alimwambia.

Mtoto alikuwa na siku kumi na mbili. Nilileta wembe.

"Mwambie aweke kitambaa cha moto kwenye mlango, asubiri, halafu akate gundi taratibu asiharibu rangi."

"Mwambie bibi nimesikia," nilimwambia mtoto.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Kumbe marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa lori la kubeba mpunga kwa miaka mingi, na kila lori liliporudi Mahenge kutengenezwa, aliyekuwa akishika taa na kupitisha spana alikuwa mke wake. Mimi nilikuwa nimewahi kuliulizia kabila la mama huyu, ukoo wake na parokia yake. Anajua nini, sikuwa nimewahi kuuliza.

Tulifungua milango yote mitatu. Tulikwangua raba za zamani na gundi yote, tukaosha mfereji wa mlango kwa sabuni mpaka ukawa safi. Akamwagiza mtoto anitume kwa fundi baiskeli nikalete tyubu kuukuu. Ifakara haijawahi kupungukiwa na tyubu za baiskeli. Tulizikata vipande virefu, tukavikunja viwe na mviringo, tukabandika upande mmoja tu, ule wa kwenye mlango, kwa gundi ya kuzibia pancha, nyembamba. Upande wa nje ukapakwa poda ya mtoto.

"Mwambie baba yako poda inazuia mpira usishikane na bodi," alisema. "Mwambie kila mwezi apake."

Kwa plastiki alitoa kikapuni bonge la nta ya nyuki, aliyokuja nayo kwa ajili ya kitu kingine kabisa. Aliikwangua kwenye kopo, akaliweka kopo ndani ya beseni la maji ya moto, mbali na jiko, nta ikayeyuka, akaichanganya na mafuta ya taa kidogo. Hapo sikuweza kuvumilia. Nilimweleza mtoto, kwa kirefu, kwa nini nta inayeyuka katika mafuta ya taa na haiyeyuki katika maji. Mama mkwe alisubiri mpaka nikamaliza.

"Mwambie sasa apake," alisema.

Nilipaka. Nilichota bonge nikalibandika kwenye bampa, na ndipo alipopiga kelele, mwiko wote umesahaulika, akinitazama machoni: "Wewe! Unapaka mkate? Kidogo! Kidogo, halafu usugue mpaka mkono uchoke!"

Nilisugua mpaka mkono ukachoka. Weusi ulirudi, si ule wa kung'aa, ni weusi wa kawaida wa kitu kilichotunzwa. Niligusa, kidole kikatoka safi. Alama ya pasi nayo ikaonekana vizuri zaidi. Baada ya siku ile alizungumza nami moja kwa moja, na sikujua nimshukuru nani.

Mlango wa dereva niliomba niufanye mwenyewe. Nilitaka pabaki pahali pamoja kwenye lile gari patakapoonyesha elimu yangu. Nilihesabu kwamba kama tyubu moja inazuia vumbi, mbili zitazuia mara mbili, nikabandika tabaka mbili. Mama mkwe aliutazama ule mlango, akautikisa, akaenda kumwogesha mtoto.

Alikaa nasi wiki saba. Siku ya kurudi nilimpeleka kivukoni. Mvua ilikuwa haijanyesha muda mrefu, na mbele yetu kulikuwa na lori lililotimua vumbi njia nzima, na mimi, kwa kuwa nilikuwa naringia milango, sikuliacha litangulie mbali. Kuhusu mlango wangu, unene wa zile tabaka mbili ulikuwa umeuzuia usifunge mpaka mwisho. Uliacha upenyo wa kidole upande wa kitasa, sawasawa na shavu langu la kulia.

Tulipofika nikashuka kumfungulia. Mlango ulifunguka kwa mkono mmoja, bila kelele. Mama mkwe akateremka, kilemba cheupe, gauni la samawati, hana chembe ya vumbi. Akanitazama. Upande wa kulia nilikuwa mwekundu kuanzia nywele, sikio, nyusi, mpaka kola ya shati, na upande wa kushoto nilikuwa mwalimu.

Alitoa leso akanipa.

"Toa moja, baba," alisema. "Bakiza moja."

Akachukua kikapu chake, akashuka kwenda kivukoni, na mabega yake yalikuwa yakitikisika mpaka alipoingia kati ya watu. Mimi nilichuchumaa kando ya mlango wangu, nikachukua wembe uliobaki ndani ya gari, nikaanza kutoa tabaka moja.