Darubini ya Shemeji Arvil

Dada yangu Novella aliolewa na Arvil mwaka ule mto ulipofurika hadi ngazi za kanisa, na tangu hapo mama yangu ana watoto wawili wa kiume. Mimi ni wa kwanza. Kwa kuzaliwa, nataka kusema.

Arvil ni dereva wa basi la shule, mtu mrefu, mkimya kuliko hata mimi. Ila ukimya wake watu huuita busara, na wangu huuita haya. Alikua yatima kwa shangazi yake, na labda ndiyo maana kila Jumapili yuko kwa mama. Hupasua kuni bila kuombwa. Mama humwekea kipande cha mkate wa mahindi kile cha pembeni, kilichokauka vizuri, ambacho zamani kilikuwa changu.

Mwezi wa Julai mama alituita jikoni. Juu ya mlango, kwenye vigingi viwili, ilikuwa bunduki ya marehemu baba, ile ndogo ya risasi za namba ishirini na mbili.

"Mimi siwezi tena kuipangusa," alisema. "Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda, nendeni mlimani kwangu. Atakayeniletea kindi wawili safi, waliopigwa kichwani, aondoke nayo. Mkilingana nitaamua mwenyewe."

Kwetu anayempiga kindi tumboni hasemwi vizuri. Nyama inachafuka, na anayechuna anajua kabla hujafungua mdomo.

Sote wawili tumepita hamsini, na macho hayaoni tena kile chuma kidogo cha kulengea. Tukaenda dukani kwa Hargis kutafuta darubini za bei nafuu za kufunga kwenye bunduki zetu. Arvil alizichukua mojamoja, akasimama mlangoni, akasoma kupitia kila moja maandishi ya makopo ya rangi kule mwisho wa duka. Kisha akauliza, "Ipi imetengenezwa kwa bunduki ya risasi ndogo? Hizi za bunduki kubwa zimepimwa kwa mbali. Kwa karibu, jicho likisogea kidogo tu, ule msalaba wa kulengea ndani ya kioo nao unahama." Akachagua fupi, inayokuza mara nne basi.

Mimi nikachukua ndefu, inayokuza mara ishirini na nne, kwa sababu yake ilikuwa fupi. Bei zilikuwa karibu sawa, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa nafikiri.

"Wee Denzil," Hargis akacheka, "na hiyo utamhesabia kindi chawa!"

"Afadhali nione chawa kuliko nisimwone kindi," nikasema.

Watu dukani wakacheka, na nikajiona mshindi mpaka tulipofika nyumbani.

Jioni ile nilipita kwa Arvil, nikijifanya namtafuta dada. Arvil alikuwa mezani. Alifuta mafuta kwenye mifereji ya juu ya bunduki, akaziweka pete za kuishikia darubini, akailaza bila kuikaza. Akafumba macho, akainua bunduki begani kama kawaida yake, ndipo akafumbua. Kioo kilipokuwa na giza pembeni, alisogeza darubini kidogo, akaanza upya. Alifanya hivyo mara nane, nilihesabu. Barazani alitundika uzi wenye nati, akalinganisha msalaba na uzi ule. Skrubu alizikaza kwa zamu, robo huku, robo kule.

"Lete na yako, shemeji, tuifunge pamoja."

"Yangu nimeshaifunga," nikasema. Ilikuwa bado kwenye boksi.

Kioo cha mbele cha darubini yangu kilikuwa kipana, kwa hiyo nikanunua pete ndefu za kuiinua ili kisiguse mtutu. Nikakaza mpaka skrubu zikalia. Nilipoambiwa Arvil ameipima bunduki yake kwa hatua hamsini, mimi nikaipima yangu kwa hatua mia. Nilipiga karatasi katikati mara tatu mfululizo, nikaikunja, nikatembea nayo mfukoni wiki nzima.

Jumamosi ya tatu ya Agosti, msimu ulipofunguliwa, alfajiri, tulikaa mlimani kwa mama, kila mtu na mti wake. Maganda ya kokwa za miti ya hikori yalianza kudondoka kama mvua, kwa hiyo kindi walikuwa wanakula juu yetu. Mmoja alishuka hatua kumi na tano tu kutoka kwangu. Nikaweka jicho: manyoya. Nikasogeza: gome. Nikasogeza tena: ukungu. Kwa upande wa Arvil nikasikia mlio mmoja mdogo, na kitu kikaanguka. Halafu mwingine.

Nilipokipata kichwa cha kindi wangu, nikafyatua. Alianguka, nami nikakimbia kama mtoto. Risasi ilikuwa imepita tumboni. Darubini ilikaa juu sana ya mtutu, na nilikuwa nimeipimia mbali. Kwa karibu risasi ilipita chini kabisa ya nilipotazama.

Arvil alikuja akiwa na kindi wake wawili, tundu dogo chini ya sikio. Alimtazama wangu, asicheke. Laiti angecheka.

"Chukua hawa, shemeji," akasema polepole. "Bunduki ni ya baba yako. Mwambie mama ni wako, mimi nitanyamaza."

Nilinyoosha mkono, kweli niliunyoosha. Kisha nikaona mkono wake jinsi ulivyotulia.

"Nikiipata kwa huruma yako," nikasema, "kila nikiitazama nitakuona wewe."

"Basi utaniona mimi nayo kila Jumapili," akajibu. "Ni afadhali?"

"Ni afadhali."

Mama aliwachuna mwenyewe kwenye beseni. Alipofika kwa wangu, akamtenga. Akapanda kigoda, akaishusha bunduki, akampa Arvil, akamfuta vumbi begani kwa kiganja.

Tulikula kindi na mchuzi mzito wa unga. Mimi niliongeza mara mbili ili nisizungumze.

Tulipotoka, Arvil akasema, "Lete ile bunduki yako kesho. Tutaweka pete fupi na darubini ndogo."

"Wiki ijayo," nikasema. Nilijua anaweza kuirekebisha. Ndiyo sababu sikuweza kusema kesho.