Makaa Chini ya Injini

Mama mkwe wangu hakuwahi kunialika nilale nyumbani kwake, nami sikutarajia anialike. Kwao mkwe wa kiume halali chini ya paa moja na mama wa mke wake, na jikoni mwake haingii kabisa. Kwa hiyo figo zake zilipoanza kushindwa na kazi, nilipanda Molo na nyumba yangu mwenyewe.

Nyumba hiyo ilikuwa gari. Wageni wawili waliokuwa wakizunguka Afrika na van kuukuu ya dizeli walichoka na safari walipofika Nakuru, wakatuuzia. Ndani ilikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki ndogo na mapazia ya rangi ya chungwa. Mke wangu ndiye aliyeipenda. Alisema tukizeeka tutazunguka nchi yote, leo tulale Baringo, kesho Turkana. Kisha akapata kazi ya kutunza wazee ng'ambo, akaenda, na gari likabaki nje ya nyumba tuliyopanga mtaa wa Section 58, Nakuru, likikusanya vumbi na majani. Hatukujaliwa watoto. Nami nilikuwa nimeachishwa kazi ya stoo kwenye shamba la maua, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa na nafasi.

Mama alihitaji mashine ya kusafisha damu, Jumatatu na Alhamisi, hospitalini Nakuru. Ilibidi afike asubuhi na mapema, maana ukichelewa kitanda anapewa mwingine nawe unangoja hadi jioni. Kuhamia Nakuru alikataa. Atakaa kwa nani? Kwangu? Hilo nalo halikuwezekana. Isitoshe alikuwa na ng'ombe wake mmoja, na shamba la viazi ambalo hakutaka liguswe na mtu asiyelijua. Shemeji yangu, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa kazini Mombasa.

Niliegesha upande wa chini wa ua, karibu na uzio wa misonobari, mlango wa gari ukitazama mbali na mlango wake. Jirani mmoja, mama wa makamo aliyekuja kumkamulia ng'ombe, alinitazama nikivuta breki ya mkono na kuweka mawe nyuma ya magurudumu.

"Hiyo itaamka kesho?" aliuliza.

"Nakuru huamka," nilimjibu.

"Hapa si Nakuru, boss."

Alisema kweli. Alfajiri ya Jumatatu ile ya kwanza nyasi zilikuwa nyeupe na zilivunjika chini ya viatu. Niliwasha kama nilivyozoea, ufunguo mara moja. Injini ilizunguka polepole, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Nilirudia. Nikarudia tena, sasa kwa wasiwasi, nikijua kwamba mama anasikiza. Alikuwa ameketi kwenye veranda yake, amejifunga blanketi, mfuko wa hospitali magotini. Betri ilipoanza kulia tik tik tik niliacha. Jirani aliita watu waliokuwa wakipeleka maziwa, wakasukuma gari hadi kwenye mteremko wa barabara, likashika huko chini. Tulifika tumechelewa. Mama alingoja mashine kwenye benchi mpaka saa tisa alasiri, na hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu.

Basi nilijifunza. Kwenye dashibodi kuna taa ndogo ya manjano yenye mchoro wa waya uliojikunja. Ikiwaka, zile plagi za kupasha moto ziko kazini ndani ya injini, na huna ruhusa ya kugusa stata, mota inayozungusha injini, mpaka izime. Kwa baridi ya Molo mara moja haitoshi. Unawasha, unangoja izime, unarudisha ufunguo, unawasha tena, hata mara tatu. Taa za mbele zimezimwa, redio imezimwa, klachi umeikanyaga mpaka chini ili stata isisukume na gia. Ikishika, usiikanyagie mafuta kwa hasira. Iache itetemeke, ijipashe yenyewe. Betri niliifungua kila jioni nikailaza ndani, chini ya kitanda, nimeifunika sweta langu kuukuu. Watu wengine hulala na paka.

Haya yote yalisaidia nusu. Nusu nyingine aliileta mama.

Alhamisi iliyofuata nilitoka garini kabla ya jua nikakuta karai limewekwa nje ya mlango wa jikoni mwake. Lilikuwa na makaa yaliyofunikwa majivu. Mlango ulikuwa umerudishwa, lakini sauti yake ilitoka ndani.

"Umelala salama, baba?"

"Nimelala salama, mama. Na wewe?"

"Tumeamka. Hayo weka chini ya injini, pale oili inapokaa. Usisogeze karibu na paipu za mafuta. Malori ya viazi yalikuwa yakifanyiwa hivyo."

Nililisukuma karai chini ya gari kwa fimbo, nikachuchumaa kando nikilinda moto usipande. Baada ya muda niligusa chuma, kilikuwa na uvuguvugu. Niliondoa karai, nikapanda, nikangoja taa. Injini ilishika kwa mkupuo wa kwanza. Kutoka jikoni nilimsikia akisema, kwa sauti ya chini, kama anaongea na ng'ombe, "Haya sasa."

Tuliishi hivyo msimu mzima wa baridi. Siku za hospitali karai lilikuwa mlangoni. Njiani alikaa nyuma, kwenye kitanda changu, pazia likiwa limevutwa kati yetu, mimi nikiendesha na yeye akitazama barabara tuliyoiacha. Mara nyingine aliuliza kama tumepita njia ya Elburgon. Mara nyingi hakuuliza kitu. Wakati wa kurudi alikuwa amechoka mno hata kuuliza.

Jioni ndizo zilizonishinda. Nilipika ugali wa mtu mmoja kwenye jiko la gesi, vioo vikaloa kwa mvuke, na ng'ambo ya ua niliona taa ya jikoni kwake. Redio yake ilisikika, matangazo ya vifo, halafu nyimbo za kanisa. Yeye alikuwa akila peke yake, nami nikila peke yangu, tukitenganishwa na ua wa nyasi ambao hakuna kati yetu aliyekuwa na haki ya kuuvuka. Kuna siku nilizungumza kwa sauti nikiwa naosha sahani, nikashtuka kusikia sauti yangu.

Mke wangu alipiga simu akitoka zamu. Nyuma yake kulikuwa na mvua, au basi likipita.

"Sasa mzee. Mama amekula?"

"Nimeona moshi jikoni. Nadhani amekula."

"Hujui?"

"Nitajuaje? Niingie nikaangalie sahani?"

Nilimsikia akifunga zipu ya koti. Kisha akasema, "Leo nimemlisha bibi mmoja uji kwa kijiko. Amekataa mpaka nikamwimbia." Tulibaki hewani kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake hadi kadi yake ya simu ikaisha.

Ikafika Alhamisi ambayo karai halikuwapo.

Niliamka nikaona umande umeganda mpaka kwenye kioo cha mbele. Nilirudisha betri mahali pake, nikaelekea mlangoni kwa mama. Hakukuwa na karai, wala moshi. Niliita. Niliita tena. Jirani alikuwa hajafika. Nilisimama pale kizingitini, na nitasema ukweli, miguu ilikataa. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuona ndani ya chumba kile. Halafu nikasikia kikombe kikianguka.

Nilisukuma mlango nikaingia. Alikuwa ameketi sakafuni kando ya jiko la kuni, mgongo ukutani, kiberiti mkononi. Kitambaa kilikuwa kimemtoka kichwani na nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Nilitazama pembeni.

"Moto umenikatalia," alisema.

"Mama, samahani kuingia."

"Umeshaingia. Washa."

Niliwasha moto wake. Nilimfunika blanketi, nikamwekea kitambaa chake karibu na mkono ili ajifunge mwenyewe, nikangoja kuni zitoe makaa. Huo ndio muda mrefu zaidi tuliowahi kukaa chumba kimoja. Alikuwa amevimba uso na alipumua kwa shida. Nilichota makaa, nikayapeleka chini ya injini, nikarudi.

"Utaweza kutembea?"

Alitikisa kichwa. Akatazama mikono yangu, akasema, "Leo aibu tuiache hapa."

Nilimbeba. Alikuwa mwepesi kuliko nusu gunia la viazi, naye aligeuza uso upande wa bega langu asinione. Nilipofika mlango wa nyuma alisema hapana, nimweke mbele. Kwa hiyo alikaa kando yangu, na tukaitazama pamoja ile taa ya manjano.

"Tunangoja nini?"

"Izime, mama."

"Na ikizima?"

"Naomba Mungu."

Alicheka kidogo, akakohoa. Nilipasha mara tatu. Injini ilizunguka kwa uzito, ikashika upande mmoja, ikataka kufa, kisha ikakubali, na moshi mweupe ukafunika uzio wote. Yeye aliweka kiganja juu ya dashibodi na kukiacha hapo mpaka tulipofika lami.

Siku hiyo aliongea. Aliniambia alivyoolewa akiwa msichana na kuletwa Molo juu ya lori la viazi, baba mkwe wangu akiwa ndiye taniboi, msaidizi wa dereva, na jinsi alivyolia kwa baridi mwezi mzima. Aliniambia alipoteza mtoto kabla ya kumzaa mke wangu, jambo ambalo mke wangu hakulijua. Karibu na Njoro jua lilitupiga usoni, akafumba macho.

"Wewe unakaa peke yako sana," alisema.

"Na wewe pia, mama."

"Mimi nimezoea. Wewe usizoee."

Hospitali walimlaza. Siku za kwanza niliruhusiwa kumwona dirishani, halafu kando ya kitanda. Aliaga dunia Jumapili mchana, mimi nikiwa nje natafuta maji ya kunywa. Nilimpigia mke wangu nikiwa nimesimama kwenye maegesho, na nilipomaliza kusema, hakulia. Aliuliza tu kama mama alikuwa na baridi.

Hakuweza kuja, makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado yanashughulikiwa huko. Mazishi aliyatazama kwa simu niliyoinua juu ya vichwa vya watu mpaka mkono ukafa ganzi. Shemeji alikuja, mpole, amechoka na safari. Baada ya wageni kuondoka alinijia karibu na uzio.

"Tunashukuru sana kwa yote," alisema. "Lakini unajua, sasa mama hayupo. Wazee wanauliza hilo gari litakaa hapa kwa sababu gani."

Hakukosea. Niliondoa mawe nyuma ya magurudumu.

Sasa naegesha Lanet, nje kidogo ya Nakuru, kwenye ploti ya rafiki ambaye bado hajajenga. Ile nyumba ya Section 58 niliirudisha. Huku hakuna baridi ya kutisha, betri inalala mahali pake, na asubuhi injini huwaka mara moja bila kubembelezwa. Naiacha ingurume kidogo, halafu naizima, maana hakuna anayengoja kupelekwa popote. Mke wangu anasema karatasi zikikamilika atakuja Desemba. Mwaka jana pia alisema Desemba. Jumamosi nilifua yale mapazia ya rangi ya chungwa, nikayaanika kwenye waya wa uzio, na wanawake wawili waliokuwa wakipita wakasimama kuniuliza kama hapa kuna mtu anaishi.

"Kuna mtu," niliwaambia, nikawakaribisha chai. Mmoja alikuwa na haraka. Mwingine alikunywa.