Kifuko Kifuani mwa Mama

Ukimwona tarantula amekumbatia mayai yake, utasahau kelele zote ulizowahi kupiga kwa sababu ya buibui. Mimi nilisahau. Wangu alikuwa jike la rangi ya kutu. Akitandaza miguu anajaza kisahani cha chai. Niliachiwa na jirani aliyehama, nikamweka ndani ya sanduku la kioo lenye udongo, kando ya televisheni, nyumbani kwangu mtaa wa Umoja, Nairobi. Kazi yangu ni kusaga unga kwenye kinu kule Mbotela, na mtu anayeshinda akimeza vumbi la mahindi kutwa nzima ana haki ya kufuga anachotaka. Nani atanikataza?

Alikuwa ameshataga mara mbili, na mara zote mbili aliyala mayai yake. Mara ya kwanza sikujua kosa langu. Mara ya pili nilijua vizuri: nilihamisha sanduku nipanguse meza, mama mtu akashtuka, akakitafuna kifuko kizima. Nililia. Ndiyo, nililia kwa ajili ya mayai ya buibui, na anayetaka kucheka acheke.

Basi mara ya tatu nilijipanga. Niliazima tena dume kwa rafiki wa Pumwani, nikamleta kwenye mkebe wa siagi. Yule bwana alikuwa na adabu! Alifika mlangoni pa shimo la bibi, akagonga chini kwa miguu yake, akangoja, akagonga tena. Hodi kabisa. Alipomaliza shughuli alitimua mbio asiliwe, nami nikamnyakua na kumrudisha kwao salama. Wiki kadhaa baadaye, nilipochungulia na tochi, nikaona kifuko cheupe, mviringo, kikubwa kuliko mpira wa tenisi ya meza. Nilirukaruka jikoni peke yangu hadi jirani wa chini akagonga dari.

Ndipo Mama akaja kutoka Kakamega kunitembelea. Siku ya kwanza alimwona buibui akapiga ukemi, akauliza kama Nairobi kuku wameisha. Nikamweleza kwamba yule ni mzazi, kwamba anayageuza mayai kila siku ili ya chini yasibanwe na ya juu, na kwamba akisumbuliwa atayala. Mama akaweka mkoba chini. Akasogea karibu na kioo, akatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni mzazi," akasema. "Na wewe unamwashia televisheni usiku na mchana?"

Tangu hapo nyumba ikawa na sheria. Televisheni ikazimwa. Wageni waliongelea mlangoni, kwa kunong'ona, na asiyenong'ona alifungiwa mlango. Kwetu mwanamke akijifungua nyumba yake haikanyagwi ovyo na kila mtu, na Mama hakuona sababu ya miguu minane kubadilisha desturi.

Siku zikasonga, mwezi ukatimia, nami nikaanza kuwa na matumaini. Halafu keateka, msimamizi wa ploti yetu ya kupanga, akapita akibisha nyumba hadi nyumba: kesho Alhamisi, dawa ya kunguni, kila nyumba, kila mtu nje.

"Yangu iruke," nikamsihi. "Nina mayai ndani."

"Si uyatie kwa friji?"

Nilitaka kumrushia kandambili. Dawa ile ingeua kunguni, na ingemuua buibui wangu pia, na vyote vilivyokuwa kwenye kifuko. Kumbeba na mayai yake sikuweza, maana angeyala njiani. Njia ilikuwa moja tu: kumnyang'anya.

Asubuhi ya Alhamisi nilivaa glavu za kufulia. Mama alishika tochi mkono wa kulia, mkono wa kushoto akauinua kuomba. Nilimzuia mwenye mayai kwa mwiko wa ugali. Akasimama kwa miguu ya nyuma, meno nje, akitoa sauti ya mafuta yanayochemka kwenye karai, na nikamwambia, "Pole mama, pole, nisamehe," huku nikichota kifuko kwa upawa. Kikatoka! Mama akasema Haleluya kwa sauti ya chini, kwa heshima ya mzazi.

Tukakitazama pale kwenye upawa. Sasa kikae wapi? Mimi nilikuwa naenda kinuni, na kinu chetu kikinguruma hata meno yako yanagongana. Kifuko kinahitaji joto, kinahitaji utulivu, kinahitaji kugeuzwa. Mama akaingiza mkono kifuani, akatoa ile leso anayofungia nauli, akaifungua, nauli akanipa mimi.

"Lete," akasema. "Wewe nilikubeba mgongoni nikilima. Hiki kitanishinda?"

Tukaondoka. Buibui nilimwacha kwenye stoo iliyo jirani na kinu, kwenye sanduku lake, kanuna. Mama akaenda kwa rafiki yake wa Mbotela, ambako tungelala siku mbili hadi sumu iishe nyumbani. Kwa kuwa ilikuwa Alhamisi, akina mama wa kanisa walikuwa na ushirika papo hapo sebuleni.

Saa saba niliponyoka kinuni, mweupe wa unga hadi kwenye nyusi, nikakimbia kuona hali. Nikafika mlangoni nikasimama. Wimbo ulikuwa umechacha, wamama wote wanaruka, vikombe vinacheza kabatini, na Mama amekaa. Mama yangu! Mwanamke ambaye wimbo ukianza huwa wa kwanza kuinuka na wa mwisho kuketi. Alikuwa ameganda kwenye kochi kama mgonjwa, na kila baada ya muda anatia mkono kifuani, anageuza kitu, anautoa.

Wenzake si vipofu. Wimbo ulipokatika mwenyeji akamwuliza, "Dada, una nini hapo kifuani?"

Mama, mzee wa kanisa, akajibu, "Ni jipu."

Lo! Kumwambia mama wa ushirika una jipu ni kumwita aombe. Walimzunguka wote, mikono ikanyooshwa, sauti zikapanda. Jipu likakemewa. Nikapenya katikati ya magauni nikipiga kelele, "Msimguse! Jamani msimguse!" lakini nani anasikia? Mama mmoja mwenye mkono kama mwiko wa sherehe akamwekea kiganja pale pale penye maumivu, akakandamiza.

"Mtaua watoto!" Mama akapaza sauti.

Mikono ikaondolewa. Mama akaichomoa leso, akaifungua mapajani. Kifuko kilikuwa kimebonyea upande mmoja. Mama akanitazama, akasema, "Nimewaua, mwanangu." Mara ya tatu. Nilikuwa nimefanya kila kitu, na ilikuwa mara ya tatu.

Nikaomba mkasi wa kucha. Hakuna aliyeuliza wa nini. Nikakiweka kifuko mezani, nikapiga magoti, nikakata utando polepole, kidogo, kidogo tena, nikaufunua. Upande uliobonyea mayai matatu manne yalikuwa yamepasuka. Nikageuza mengine kwa ncha ya kijiti cha meno. Yalikuwa meupe, ya mviringo, na kila moja lilikuwa na miguu. Miguu! Myembamba, ya kioo, imekunjwa vizuri ubavuni. Nikapumulia juu yao bila kukusudia, na rundo zima likachezesha miguu kwa pamoja.

Sijui nani alipiga kelele kwanza. Wawili walikuwa juu ya kochi, mmoja alikuwa nje tayari, na yule wa mkono mzito alikuwa ameinama kuliko wote akisema, "Yesu wangu, wanapunga." Mama alikuwa analia na kucheka. Akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaanza wimbo uleule alioukalia, na nikamlilia, "Mama, mtikisiko!" Akatoka na wimbo wake nje barazani, mzima mzima, vumbi linatimka, wenzake nyuma yake, hata wale wa kochini.

Nikawafunika wadogo kwa bakuli safi, nikatoka nikacheza nao, mimi na unga wangu. Jirani wa nyumba ya pili akatoa kichwa dirishani.

"Kuna nini leo?"

"Tumejifungua!" Mama akamjibu bila kusimama.

"Hongereni! Mvulana au msichana?"

Mama akanigeukia, akihema, akingoja nimwambie.