Mama Ana Souffle

Mama alirudi kutoka kwa daktari na neno moja la Kifaransa, na njia nzima alikuwa amelishika asije akalidondosha. Alivua kandambili mlangoni, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akangoja kifua kitulie. Kisha akatabasamu.

"Dogiteri amesema niko na sufle."

Nilikuwa mezani na kurasa za biolojia zimenizunguka. Mtihani wa taifa, ule tunaouita examen d'État, ulikuwa umekaribia, nami asubuhi nilisoma mwili wa binadamu na jioni nilisoma tamthilia.

"Souffle?"

"Eh. Alinisikiliza hapa na hapa," akagusa kifua, akagusa mgongo, "akasema, mama, uko na sufle kwa moyo. Mi nikamuambia asante. Nikamuambia, hata nyumbani hiyo ndio kazi yangu."

Kazi hiyo alikuwa nayo kweli. Tamthilia tuliyopangiwa ilihusu kaka na dada wanaokataa kutoka katika nyumba ya baba yao, nyumba iliyokwisha kupakwa alama nyekundu kwa sababu barabara itapita hapo. Jukwaani ni viti viwili na mlango usiofungika, basi. Mwalimu wa Kifaransa alitaka tuijue kwa kichwa, hata pale wanaponyamaza. Siku moja alituchorea jukwaa ubaoni, na chini yake tundu dogo: humo, alisema, hujificha souffleur, mtu anayemnong'oneza mwigizaji maneno akiyasahau. Nilipomsimulia mama aliitaka kazi hiyo papo hapo. Shule aliiacha mapema, lakini Kifaransa cha kusoma silabi kwa silabi kilikuwa kimembakia. Alishika fotokopi ya tamthilia karibu na macho, akifuata mistari kwa kidole kinachonuka ndagala, wale dagaa anaowauza sokoni, nami nikitembea kati ya meza na kitanda, mara kaka, mara dada. Nikikwama aliniacha niteseke kidogo, halafu akanipulizia: "Mai-son. Sema maison, we mutoto, nyumba wanaibomoa weye umesimama." Aliwahi kuniuliza souffle ni nini hasa. Nilimjibu: ni pumzi, mama. Ni kupuliza.

Kwa hiyo daktari alipolitamka neno lile, yeye alilipokea kama sifa. Amepimwa, amekutwa na pumzi.

Na njiani alikuwa ameshaitangaza habari. Jirani yetu, mama wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa ambalo babu yake alilifungua hapa mtaani kwetu Buyenzi, alichungulia dirishani.

"Nasikia dogiteri amekukuta na pumzi. Alhamdulillah. Mi yangu iliishia kwa ngazi za soko."

"Njoo nikugawie," mama akamjibu.

Walicheka wote wawili, mpaka kicheko cha mama kikageuka kikohozi.

Mimi sikucheka. Mbele yangu palikuwa na moyo uliokatwa katikati kama papai, upande wake wa kulia ukiwa kushoto kwangu, kwa sababu moyo wa kwenye mchoro unakutazama kama mwigizaji anavyowatazama watu. Nilikuwa nimejifunza kwamba damu ikishapita, vali, yaani milango midogo ya moyo, hujifunga nyuma yake, na kwamba ule mdundo tunaousikia ni milango hiyo inayojifunga. Chini ya mchoro palikuwa na sentensi niliyoipigia mstari: vali isipojifunga vizuri, sehemu ya damu hurudi ilikotoka, na daktari husikia souffle. Nilikuwa nimeihifadhi asubuhi ile ile. Nikatazama miguu ya mama. Kandambili alikuwa amezivua, lakini alama za mikanda yake bado zilionekana, zimejichimba ndani ya nyama iliyovimba. Miguu hiyo niliiona kila siku, nikadhani ni kutembea tu. Tangu mafuta ya magari yaadimike, mji mzima ulikuwa unatembea, na yeye alitembea na beseni la ndagala kichwani.

"Daktari alisema nini kingine?"

"Mambo mingi. Kifaransa chake kilikuwa mbio. Repos, repos, eti nipumzike. Halafu niende hospitali kubwa wanilaze, wapige picha ya moyo. Lakini ya maana nilikuwa nishaisikia."

Nikamweleza. Nilimgeuzia mchoro, nikamwonyesha mahali damu inapoingia na inapotoka, na mlango ambao kwake haujifungi. Alisikiliza kama alivyosikiliza tamthilia, kidole juu ya karatasi.

"Kwa hiyo si pumzi."

"Si pumzi, mama. Ni sauti ya damu inayorudi nyuma."

"Inarudi wapi?"

"Kuelekea kwenye mapafu."

"Ndio maana nachoka."

"Ndio maana."

Kidole kilizunguka mchoro mara nyingine, polepole.

"Na hii wanaweza kuiuliza kwa examen?"

"Wanaweza."

"Basi hiyo pointi imeshakuwa yako."

Nilimwomba twende kesho yake. Akatikisa kichwa. Hospitali zetu, kila mtu anajua, zinakupa kitanda na daktari. Chakula, maji ya kuoga, na mtu wa kukimbia kutafuta dawa unakuja nao mwenyewe. Mtu huyo ndiye garde-malade.

"Garde-malade wangu ni weye, siko na mwingine. Utalala chini ya kitanda na ma-cours na madaftari kwa magoti. Apana. Examen kwanza."

"Nitaiacha. Nitarudia mwaka ujao."

"Ukiacha, kile kitanda sikipandi, hata walete polisi."

Nilikwenda kwa jirani, nikamwambia maana halisi ya pumzi ile. Alikaa na mama alasiri nzima, akajitolea kumuuguza hospitalini yeye mwenyewe. Mama alimuuliza duka atamwachia nani, akamuuliza habari za magoti yake, na mwishoni wakawa wanazungumza juu ya magoti. Jirani alipotoka alinishika bega tu, akapita.

Nikaendelea kusoma, kwa kuwa ndilo jambo pekee aliloniruhusu. Sura ya figo ilinieleza miguu yake. Sura ya mapafu ilinieleza kwa nini alianza kulala ameegemea ukuta. Kila ukurasa ulinipeleka ndani yake zaidi, ukanionyesha mahali palipoharibika, ukaniacha hapo nikiwa na kalamu mkononi. Sijawahi kujua kitu kwa ukamilifu namna ile, na sijawahi kuona ujuzi usiofaa kitu kama ule.

Jioni aliendelea kuidai fotokopi yake. Ila sasa alipotaka kuninong'oneza neno, lilikatika katikati, akabaki na silabi ya pili mdomoni akiitafutia hewa. Nikajifunza kutosahau. Nilirudia mistari ya kaka na ya dada nikiteka maji, nikifua, nikipika, ili jioni asilazimike kutumia pumzi kwa ajili yangu.

"Siku hizi unanifukuza kazi," alisema.

"Umenifundisha vizuri."

"Uongo. Unanionea huruma."

Asubuhi ya mtihani nilibeba beseni mimi. Alikuja nyuma yangu kwa hatua fupi, akisimama mara kwa mara na kujifanya anatengeneza kitenge. Nilitaka kulifikisha mpaka sokoni, lakini kwenye njia panda, ambapo barabara ya shule inageuka, alinivuta shati.

"Wanafunga mlango, wewe. Leta."

"Nitalifikisha, kisha nitakimbia."

"Utafika umeloa jasho, umesahau kila kitu. Leta, nimesema."

Wanafunzi walikuwa wanapita wakiharakisha, wengine midomo ikichezacheza. Mama alikuwa amekwisha kukunja kitambaa kuwa ngata, akaiweka kichwani, akainamisha magoti kidogo mbele yangu. Aliningoja. Niliona mshipa wa shingo yake, ule ambao kitabu kinasema haupaswi kuonekana mtu akiwa amesimama, ukiwa umevimba na kupiga. Nikainua beseni kwa mikono yangu miwili, nikamtwika.

"Sawasawa?" nikauliza.

Aliinua mkono kulishika, akanipungia kwa ule mwingine niondoke. Alikuwa anaitunza hewa yake. Nilimtazama akivuka barabara, akifika ukuta wa famasi, akisimama. Kengele ya shule ikalia, naye alikuwa bado amesimama.