Kichwa cha Karavani Kilichopakwa Grisi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupokea Guangzhou, China, tukiwa hatuna mwenyeji, akatupa riziki na mahali pa kusujudu. Namshukuru kwa mengi, na leo namshukuru kwa ajili ya mdogo wangu Idi.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wakati huo mimi ni binti wa Kariakoo mwenye kijichumba cha ofisi kwenye jengo la Tianxiu, nikiwanunulia watu wa nyumbani bidhaa, nilipigiwa simu na Bi Neema, daktari wa meno wa Iringa. Yeye na mumewe walikuwa wakivuta karavani, yaani tela lenye chumba, kwa gari, kiti cha wagonjwa kikiwa ndani, wakitibu watu vijijini.

"Dada, tukishuka mlima Kitonga linayumba, linapiga mkia," alisema. "Juzi nusura litutupe bondeni. Nitafutie cha kulituliza, ama naacha kazi hii."

Sikukimbilia dukani. Nilimwomba kwanza alipeleke kwenye mizani likiwa na mizigo yake yote, maana kizuia kuyumba huchaguliwa kwa uzito wa safarini, si wa tela tupu. Kulikuwa na aina ya fimbo inayofungwa pembeni, lakini kwa barabara zao za mawe niliihofia. Nikachagua kichwa cha kuungia tela na gari, ambacho ndani kina pedi, kama za breki, zinazolibana tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Huko kubana ndiko kunakozuia mkia kucheza.

Idi ndiye aliyekuwa akitupakilia makontena. Desturi yetu mtaani Xiaobei ilikuwa kwamba chuma chochote kinachovuka bahari hupakwa grisi, chumvi isikile. Basi na kichwa kile akakipaka, nje na ndani, kwa mapenzi kabisa. Asubuhi iliyofuata, kontena likisubiri kufungwa, akaja ofisini na karatasi ya maelekezo iliyokuwa na picha ya kopo la grisi lililochorwa msalaba wa kukataza.

"Dada, nimeharibu. Pedi zikinywa mafuta hazishiki tena."

Tukashuka naye dukani tulikokinunua. Laoban, yaani mwenye duka, akacheka. "Mei wenti! Hamna shida. Futa kwa kitambaa, nani ataona?"

"Kitonga itaona," Idi akamjibu, na hakuwa akitania.

Wenzetu wenye mizigo ndani ya kontena hilo walimjia juu. "Wewe Idi, umekuwa daktari wa meno siku hizi?" mmoja akamkejeli. "Meli itatuacha kwa chuma kimoja!"

"Basi kaka, wewe nenda na meli. Chuma changu kibaki."

Akakitoa mwenyewe, akaliacha kontena liondoke, akazunguka mji mpaka akapata pedi mpya, akazifunga kwa mikono mikavu. Safari hii alikipaka grisi nje tu, ndani akaziba kwa plastiki, kikaondoka na kontena lililofuata.

Kilipofika Iringa, alimwongoza mume wa Bi Neema kwa simu. Angalia shingo ya tufe iwe ndefu, kichwa kisigonge. Kwangua rangi yote ya tufe kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha kisafishe. Kaza boliti kama karatasi inavyosema. Kile kiti kizito kisogeze juu ya magurudumu, kisikae nyuma, kwa sababu hakuna kifaa kinachotibu upakiaji mbaya.

Walishuka Kitonga taratibu, Bi Neema akanipigia wakiwa chini. "Limetulia, dada. Kesho tunaendelea na wagonjwa." Nilimtazama Idi akila wali wake kama hakuna kilichotokea, moyo ukanijaa. Mpaka leo nikimtaja, natembea kifua mbele.

Mwanangu, ukinunua kifaa cha usalama, uliza uzito kabla ya bei, na usome maelekezo kabla mkono wako haujafuata mazoea. Ukiharibu, sema wakati bado pana nafasi ya kutengeneza, hata kama utachekwa sokoni. Yule atakayeshuka mlima kwa kazi yako hakuoni, lakini Mola wako anakuona.

Wewe unayesoma, Mungu akutulizie njia zako, akulinde kwenye kila mteremko, na akufikishe kwa wanaokungoja. Amina.