Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Usiniambie kwamba niliota. Nilikuwa nimeshika usukani, macho wazi, saa kumi alasiri, na sikuwa nimekunywa chochote zaidi ya chai. Wala usidhani mimi ni mtu wa mapepo. Chuoni nilikuwa yule mwanafunzi anayebishana na mhubiri mpaka mhubiri anaomba maji. Niamini basi, maana kisa hiki kinaniudhi mimi kuliko kitakavyokuudhi wewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa mvua ndefu. Mimi na Imali tulikuwa tumefunga ndoa kwa mkuu wa wilaya bila kumwambia mama yake, mjane aliyeishi Malinya, naye alizisikia habari kwa watu akakasirika. Tuliazima kombi kuukuu yenye kitanda na jiko nyuma, na pazia la maua kati ya dereva na kitanda. Mpango ulikuwa tuzunguke milimani kama maharusi wa magazetini, kisha tumalizie kwa mama tukamwombe radhi.

Wazo la milima lilikuwa la Imali. Tulianzia kwetu Likuyani, tukapanda Elgon, tukashuka, tukapanda Nandi. Mvua haikukatika. Paa lilivuja juu ya godoro, waipa ya kioo ilifanya kazi upande wa abiria tu, na soksi zangu zilianza kunuka kama uyoga. Kila niliposema sasa twende Malinya, Imali alinionyesha mlima mwingine kwenye ramani. Mtu anaweza kumwogopa mama yake kiasi gani? Mwishowe niliikunja ile ramani nikaikalia.

Tulipita Kakamega mjini bila kusimama, tukaacha lami ya kwenda Kisumu, tukaingia barabara ya udongo. Imali alikuwa amelala nyuma. Alikuwa mjamzito wa miezi michache, jambo tulilolijua sisi wawili peke yetu. Kwenye mteremko mmoja, karibu na mashimo ya wachimba dhahabu, alifunua pazia kuniomba maji. Akatazama mbele.

"Simamisha," akasema. "Yule ni mama."

Niliona mgongo. Mwanamke alisimama kando ya barabara, gunia limemfunika kichwa na mabega, ametupa kisogo. Ni mgongo tu, wa mtu yeyote anayenyeshewa. Nikasimamisha gari.

Kwa asiyejua: kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja hujitosa kwenye nyasi. Hawapeani mkono, hawali pamoja; anayevunja mwiko hutozwa kondoo. Mimi nilikuwa nimeupinga upuuzi huo tangu shule ya sekondari. Lakini nilikuwa nimeoa binti wa watu bila ruhusa, na sikutaka kuongeza kosa. Nikageuza kioo cha ndani kikaelekea juu, nikakodolea macho ile waipa. Mlango wa nyuma ukavutwa, ukafungwa. Imali akashusha pazia.

"Mwambie mwenye gari apunguze mwendo," sauti ikasema tulipoanza kuondoka.

"Mama anasema upunguze mwendo."

"Nimesikia."

"Usimjibu wewe. Jibu kupitia kwangu."

Nikavuta pumzi. "Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia, mama."

"Kama amesikia, mbona anaendeshanga kama anafukuza mwizi?"

Nilikuwa nikienda mwendo wa mzee mwenye mkongojo. Lakini hakuachia hapo. Kwa nini gari linanuka vitunguu? Ni nani aliyemfundisha mtu huyu kulaza mke kwenye gari, kama kuku anayepelekwa sokoni? Kwani kwao Likuyani nyumba ziliisha? Nilimeza yote, nikajifariji kwamba mwenye maneno mengi hivi angalau si mgonjwa.

Kisha Imali akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo tena, "Mama, bado umenikasirikia?"

Mvua ikapiga paa.

"Hasira nimeiacha nyumbani. Ilikuwa nzito kutembea nayo."

Imali akaanza kulia. Mama yake akamwacha alie, halafu akasema, "Huyo ni msichana. Mwite Musimbi."

Hapo nilikaribia kugeuka. Kwanza, ni nani aliyemwambia kuna mtoto? Pili, Musimbi lilikuwa jina lake mwenyewe, na kwetu mtoto hapewi jina la bibi ambaye bado yu hai. Nikasema moyoni, mama amezeeka, mambo yanamchanganya. Naam, hayo ndiyo maelezo niliyoyapata, pamoja na shahada yangu.

Kwenye mikalatusi, kabla ya kona ya kwao, akagonga ubavu wa gari. "Nishushe hapa. Siwezi kuingia nyumbani na mkwe kwa njia moja." Mlango ukavutwa. Nilisikia majani ya mahindi yakipishana. Nilitazama mbele, kama askari wa gwaride.

Tulipokata kona tulikuta ua umejaa watu, na wanawake wanalia. Kaka yake Imali akatujia mbio kwenye matope.

"Mmewahi kufika. Nani amewaletea habari?"

"Habari gani?" nikauliza.

Mama alikuwa amefariki adhuhuri. Alilazwa sebuleni, amefunikwa shuka.

Imali hakupiga yowe. Alisema polepole, "Tumetoka naye sasa hivi. Ameshuka pale kwenye mikalatusi." Ami yake, mzee mwenye koti la mvua, akanigeukia mimi.

"Kijana, wewe ulimwona?"

Watu wote walinisubiri. Nikafungua mdomo, nikatoa jibu pekee la kweli nililokuwa nalo.

"Sikumtazama. Ni mama mkwe."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. "Huyu amelelewa," mmoja akasema. "Na tuliambiwa kwamba wasomi hawana adabu."

Unaielewa hasira yangu? Maisha yangu yote nimedai ushahidi. Mara moja tu, mara moja, nikatii desturi, na ilikuwa siku hiyo. Nililikagua godoro: lilikuwa limelowa, lakini lilikuwa limelowa tangu Elgon. Mwili nao sikuruhusiwa kuuona, kwa desturi ileile. Picha yake nilionyeshwa baadaye. Itanisaidia nini, ikiwa sina uso wa kuulinganisha nayo?

Mtoto alizaliwa, msichana, na anaitwa Musimbi. Imali ana amani. Nikianza kuhoji, huniuliza, "Ulimsikia au hukumsikia?"

"Nilimsikia."

"Basi."

Mimi ndiye nisiye na amani. Mpaka leo nikiona mgongo wa mwanamke kwenye mvua, nasimamisha gari, nashuka, nazunguka mbele nimtazame usoni. Nimetukanwa kuanzia Malinya hadi Mumias.

Kwa hiyo nakuonya, hasa wewe uliyesoma. Siku moja mtu ataingia kwenye gari lako akitaka umheshimu kwa kutomtazama. Mtazame. Watakutoza kondoo, watakuita mkwe asiye na haya, na mkeo atakununia mwaka mzima. Vumilia. Kondoo utalipa mara moja ukamaliza.