Kamba ya Mbuzi Shingoni mwa Mbwa

Nikifungua mzigo mpya wa kamba za katani katika duka hili nililojenga kwa mikono yangu, ile harufu hunirudisha soko la Rongo nikiwa mtoto. Shule niliacha mapema, lakini siku hiyo naikumbuka yote.

Chifu alikuwa ametangaza kwamba mbwa akionekana sokoni bila kamba atapigwa risasi, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Mama alienda nami kuuza mbuzi, na mbwa wetu akatufuata bila sisi kujua. Mbuzi akauzwa. Mnunuzi, mzee aliyevaa koti la kanisani, akawa anambembeleza mama amwachie na kamba. Mama akakataa, maana kwetu mnyama huuzwa lakini kamba hurudi nyumbani na mwenyewe.

Hapo askari akatokea na bunduki, na mbwa naye akaja mbio kumlamba mama mguu. Mama akamvua mbuzi kamba, akamfunga mbwa.

"Mama, mbuzi yangu itatoroka!" mzee akalia.

"Mbuzi haipigwi risasi. Ibebe!"

Akaibeba kifuani, koti likachafuka, watu wakacheka.

"Mbwa ni yako?" askari akauliza.

"Afande, si unaona nimeishika?"

"Basi itoe sokoni."

Lakini mbwa wetu hakuwa amewahi kufungwa. Alijibwaga chini kama gunia la mahindi, akakataa katakata. Mama akavuta mpaka jasho likamtoka. Askari akaguna, akatundika bunduki begani, akainama kumsukuma mbwa kwa nyuma. Wakatoka hivyo sokoni, sheria ikisukuma na mama akivuta.